Je, Wajua? Mtumbwi na Maji Yake

Chombo cha majini kikongwe kuliko vyote vilivyowahi kupatikana ni mtumbwi wa gogo, tena nusura utupwe pamoja na kifusi. Mwaka 1955 barabara kuu ilikuwa ikijengwa karibu na kijiji cha Pesse, Uholanzi. Mwendesha krini alinyanyua kitu cheusi kutoka kwenye tope, akadhani ni shina la mti tu. Mkulima wa jirani ndiye aliyeona alama za kuchongwa, akaupeleka nyumbani kwake, na mwishowe ukafika kwa wataalamu. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba msonobari ule ulichongwa kati ya mwaka 8040 na 7510 kabla ya Kristo. Urefu wake ni karibu mita 3 na upana sentimita 44, kwa hiyo mtu mnene hapo hana lake. Kwa sababu ya udogo huo, wapo waliodai kwamba si mtumbwi bali ni hori la kulishia mifugo. Mwaka 2001 nakala yake ilichongwa na kushuliwa, mpiga kafi akaingia, akaenda nayo bila taabu. Wa asili uko Makumbusho ya Drents, mjini Assen.

Afrika nayo haikuchelewa. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani alikuwa akichimba kisima huko Dufuna, jimbo la Yobe, Nigeria. Alipofika kina cha kama mita 5 jembe likagonga mbao. Ulikuwa mtumbwi wa mita 8.4, wenye umri wa takriban miaka 8,000, ncha zake zimechongwa kwa ustadi kiasi kwamba aliyeutengeneza hakuwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Leo ukisimama Dufuna huoni ziwa. Enzi hizo Ziwa Chad lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyo sasa, na maji yalikuwa karibu.

Mpingo hautoi mtumbwi

Wachongaji wa Kimakonde wanaupenda mpingo, na viwanda vya zumari na klarineti vinaugombania, lakini hakuna fundi atakayekuchongea mtumbwi kwa mpingo. Mita moja ya ujazo ya mti huo hufikia kilo 1,200 au zaidi, ilhali maji yenyewe ni kilo 1,000. Kipande cha mpingo ukikitupa baharini kinakwenda chini moja kwa moja.

Pwani ya Tanzania na visiwani, mti unaotegemewa sana kwa mtumbwi na ngalawa ni mwembe. Wageni hushangaa: mti wa matunda ukatwe kwa ajili ya chombo? Lakini mwembe uliozeeka una shina pana, upo shambani kwa mtu na si msituni kwa serikali, na ukiwa mbichi unakubali tezo. Ubaya wake ni kwamba huoza upesi, hasa maji ya mvua yakituama ndani. Ndiyo maana wenye vyombo hupaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake humtangulia mvuvi nyumbani, na chini ya maji wakapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Deheni kazi yake ni kumzuia mdudu mla mbao wa baharini. Na huyo mdudu, kwa taarifa yako, si mdudu wala si mnyoo ingawa anafanana nao: ni jamaa wa chaza. Ana magamba mawili madogo kichwani na hayo ndiyo msumeno wake.

Katika maziwa ya bara hakuna kiumbe huyo, lakini kuna jua, kuoza na mchwa ufukweni, na hapo mvule una jina. Mwezi Novemba 1871, wavumbuzi Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kwenda kukagua upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, walipanda mtumbwi wa mvule uliotoka Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Walikuwa na swali moja kubwa: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio chanzo cha Nile. Wavumbuzi waliowatangulia, Burton na Speke, walishindwa kulijibu mwaka 1858. Mtumbwi ukawafikisha mdomoni mwa mto, wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Nadharia nzima ya mabwana wa London ilianguka kwa safari ya makafi.

Gogo linavyoliwa ndani

Gogo huchongwa likiwa bado bichi, mara nyingi palepale mti ulipoangukia, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atakayeburuta uzito ambao baadaye utakuwa vibanzi. Umbo la nje hutangulia. Fundi hulilaza gogo kifudifudi, huchonga kitako na kunoa omo na tezi, kisha huligeuza na kuanza kulila ndani: shoka kwanza, halafu tezo. Kitako huachwa kinene kuliko mbavu, maana ndicho kitakachoburuzwa juu ya mchanga na mawe kila siku.

Kazi inayotenganisha fundi na mbahatishaji ni kujua unene. Ukiwa ndani huoni nje, na tezo likizidi pigo moja umetoboa kazi ya wiki nzima. Wapo wanaogonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Wenyeji wa pwani ya Pasifiki ya Kanada walikuwa na ujanja mwingine ninaouona mzuri zaidi: walitoboa vitundu vidogo kutoka nje, wakapigilia vijiti vyenye urefu sawa na unene walioutaka, kisha wakachonga kutoka ndani. Tezo likifichua ncha ya kijiti, hapo ndipo pa kuachia.

Hao hao, watu kama Wahaida, waliipata dawa ya tatizo ambalo kila mchongaji wa gogo analijua: mtumbwi hauwezi kuwa mpana kuliko mti. Mwerezi ukishachongwa hadi mbavu zikawa nyembamba, waliujaza maji, wakatumbukiza mawe yaliyopashwa moto, wakaufunika kwa mikeka. Mvuke ukalainisha mbao, na mbavu zikaanza kufunguka. Walizisukuma taratibu kwa vijiti vya kukatiza, kimoja kirefu kuliko kingine. Tumbo lilipotanuka, ncha zote mbili ziliinuka zenyewe, ndiyo sababu mitumbwi yao ina shingo ile ya kujivuna. Msanii Bill Reid aliufufua ufundi huo alipousimamia mtumbwi wa Loo Taas, wa mita 15, kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Vancouver mwaka 1986. Huko Soomaa, Estonia, ufundi unaofanana na huo, wa kutanua gogo la mpopla kwa moto na maji, uliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Waswahili hawakutanua gogo, walilipa matengo. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wenye boriti zilizolazwa kukatiza, na mbao za kuelea kila upande. Kwa njia hiyo chombo cha upana wa nyonga za mtu kinaweza kutweka tanga ambalo bila matengo lingekipindua kabla hakijaondoka mkondoni. Wanahistoria wengi huona asili ya matengo hayo kwa watu wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu za wale waliohamia Madagaska. Jambo la ajabu ni kwamba Wavezo wa Madagaska huweka tengo upande mmoja tu, kama Wapolinesia, ilhali ngalawa yetu inayo mawili kama vyombo vingi vya Indonesia.

Waganda nao walikwenda njia yao. Mitumbwi mikubwa ya Ziwa Nyanza (Viktoria), ile Stanley aliyoiona mwaka 1875 katika majeshi ya mfalme wao, Kabaka Mutesa, ilikuwa na gogo kitakoni tu. Mbavu zilikuwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mmea, na mbele palitokeza ncha ndefu iliyopambwa kwa pembe na manyoya. Msumari haukuhitajika.

Kupanda chombo, kisha chombo kikupande

Kwa Waamerika wa Kaskazini mtumbwi ulipaswa kufanya kazi mbili, kubeba na kubebwa. Nchi ile imejaa maziwa yaliyotenganishwa na vipande vya ardhi na maporomoko, basi chombo kizito hakina maana. Wenyeji wakaacha gogo, wakachukua gome la birchi. Waligeuza upande wa ndani wa gome ukawa nje, wakalishona kwa mizizi ya msonobari wa aina ya sprusi, wakaziba mishono kwa utomvu wake uliochanganywa na mafuta, wakalitandika ndani kwa mbao nyembamba za mwerezi. Ukipasuka njiani, dawa yake iko msituni.

Wafanyabiashara wa ngozi waliukuza hadi mita 11, ukabeba tani 3 na zaidi. Wapiga kafi wake walianza kabla ya alfajiri na kuchapa zaidi ya mapigo 40 kwa dakika. Walipofika pa kuvuka kwa miguu, kila furushi lilikuwa la kilo 41, na desturi ya kila mmoja ilikuwa kubeba mawili kwa mpigo. Grand Portage, kivuko cha nchi kavu kinachotoka Ziwa Superior, ni karibu kilomita 14. Nikisoma habari hizo huwa siwaonei wivu hata kidogo.

Ufundi huo ungepotea kama si Edwin Tappan Adney, aliyefariki mwaka 1950 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahoji wazee, kuchora vipimo na kuunda mitumbwi midogo ya mfano zaidi ya 100. Mifano hiyo iko Virginia, Marekani. Kitabu cha kazi yake kilitoka mwaka 1964, yeye akiwa kaburini, na hadi leo mafundi hukifungua kabla ya kukata gome.

Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa jimbo la Maine walibadilisha gome kwa turubai. Mbavu za mwerezi hulainishwa kwa mvuke na kukunjwa juu ya kalibu ya mbao yenye mikanda ya chuma. Juu yake hupigiliwa vibao vyenye unene wa milimita 4 hivi. Kila kimisumari kikifika kwenye mkanda wa chuma hujikunja chenyewe na kurudi ndani ya mbao. Turubai huvutwa juu, hujazwa na kupakwa rangi. Mtumbwi wa namna hiyo wa mita 5 una uzito wa kilo 30 na ushei, mtu mmoja anauweka mabegani na kwenda nao. Katika eneo la Boundary Waters, Minnesota, lenye maziwa zaidi ya 1,000, umbali wa kubeba mtumbwi bado huandikwa ramanini kwa kipimo cha zamani kiitwacho rod. Rod moja ni mita 5.03, karibu sawa na mtumbwi mmoja. Ukiambiwa kivuko ni rod 100, unajua utatembea urefu wa mitumbwi 100, na mmoja uko kichwani mwako.

Ukitaka wa safari

Wanaotafuta mtumbwi wa kusafiria, uwe wa kununua au wa kukodi, wengi huanza kutazama rangi na bei. Mimi ningeanza na maji. Ziwa lililotulia linasamehe. Mkondo wa mto wenye mawe hausamehe. Bahari ya kusi hata ngalawa huiheshimu. Mtumbwi mtupu wa gogo usio na matengo, uukute umetulia mtoni Rufiji au Kilombero, usiupeleke nje ya mwamba wa bahari kwa sababu tu mwenyewe ni hodari wa maneno.

Kisha tazama kitako. Kitako bapa hukupa utulivu mara unapoingia, na ndicho wanachokipenda wanaoanza. Lakini wimbi likija ubavuni, bapa hulifuata wimbi na kuinama nalo. Kitako cha mviringo hutikisika mwanzoni hadi moyo ukaruka, halafu kikiegemea kidogo hukataa kuendelea. Anayesafiri maji ya mawimbi avumilie kutikisika huko. Katika Ziwa Nyasa utaona ujanja mwingine: mdomo wa mtumbwi huachwa mwembamba kuliko tumbo, wimbi lisipate pa kuingilia. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wamepeleka vyungu vyao gulioni Lyulilo, karibu na Matema, kwa mitumbwi ya gogo miaka na miaka, na chungu ni mzigo usiotaka mtikisiko.

Urefu una hesabu yake. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu iliyo majini kwa mita, zidisha kwa 4.5, utapata mwendo wa kilomita kwa saa ambao ukijaribu kuupita chombo huanza kupanda wimbi lake chenyewe na nguvu zako zinapotea bure. Mtumbwi wa mita 4 ni kilomita 9. Wa mita 9 ni kilomita 13.5. Bila shaka mtu wa kawaida hafiki huko, ila hesabu inaeleza kwa nini mtumbwi mrefu huteleza na mfupi husukumwa. Kwa upande mwingine, mrefu hugeuka kwa kinyongo. Wa safari ya watu wawili na mizigo ya siku chache, mita 5 hivi hutosha.

Ukague ukiwa mkavu na uukague ukiwa na maji. Mkavu: upindue, upite na ncha ya kisu kitakoni na kwenye ncha zote mbili, maana omo na tezi ndipo nyuzi za mbao zinapoishia, na ndipo nyufa huanzia. Kisu kikizama kama kwenye kiazi kilichopikwa, shukuru na uondoke. Kiraka cha bati au cha kalafati si aibu, mitumbwi mingi mizuri inacho. La kuogopa ni kiraka kipya kilichopakwa rangi mpya siku unayokuja. Ukiwa na maji: weka watu na mizigo yote, mtu mmoja abaki nchi kavu atazame. Kati ya ukingo na maji ibaki walau shubiri moja. Ikipungua, teremsha mzigo au teremka wewe. Hakikisha upo wa kukumbia maji umo ndani, umefungwa kwa kamba, kwa sababu usiofungwa huelea zake wakati unapouhitaji.

Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Na kama mtumbwi utapinduka, jua kwamba wa mbao ukijaa maji bado unaelea, hauzami kama bati. Ung'ang'anie huo huo, usiogelee kuelekea ufuko unaoonekana karibu. Boti za faiba zisizo na vyumba vya hewa hazina huruma hiyo.

Lakini faiba isitukanwe. Katika delta ya Okavango, Botswana, mitumbwi inayosukumwa kwa pondo ilichongwa zamani kutoka miti mikubwa ya kandokando ya maji, na utalii ulipokua miti ikaanza kupungua. Sasa mingi ya wageni ni ya faiba, imetengenezwa kwa umbo lilelile. Wapo wanaolalamika kwamba haina roho. Mti uliobaki umesimama sidhani kama unalalamika. Kwa anayetaka mbao bila kumaliza gogo zima, kuna mtindo wa vipande: vibao vya mwerezi vya milimita 6 hivi hugundishwa ubavu kwa ubavu, kisha hufunikwa ndani na nje kwa kitambaa cha kioo na epoksi. Mbao inaonekana, na uzito wake ni mdogo kuliko wa turubai.

Kwa anayetaka kujaribu karibu na nyumbani, Ziwa Bunyonyi kusini-magharibi mwa Uganda lina sifa mbili njema: halina kiboko wala mamba. Mitumbwi yake ya gogo huchongwa kwa mkaratusi, na watoto wa visiwani huipiga kafi kana kwamba wanatembea. Mgeni akiingia, huanza kuzunguka palepale, akamaliza duara, akaanza la pili, na wenyeji wamezoea kusimama ufukweni wakicheka. Mtumbwi hauna kosa. Kila pigo la kafi upande mmoja huisukuma omo kwenda upande wa pili, na gogo fupi lenye kitako cha mviringo halina kitu cha kulishika njia yake. Anayekaa nyuma amalize kila pigo kwa kugeuza ubapa wa kafi na kuusukuma nje kidogo, mbali na ubavu, kabla ya kuutoa majini. Ikishindikana, mabadiliko ya upande kila baada ya mapigo matatu manne yatawafikisha kisiwani, ila kwa kumwagiana maji mapajani.